Jina la Nyanya Kwenye Seva

Asubuhi hiyo tulikuwa watano pale kituo cha maziwa, Endarasha: mwenyekiti wa ushirika, mhasibu, ambaye ni binti wa baba yangu mdogo, dereva wa lori la maziwa, ndugu yangu mdogo aliye fundi wa kompyuta, na mimi, mpokeaji maziwa. Hakuna aliyemsalimu mwenzake vizuri.

Ndugu yangu alikuwa amepewa kazi ya kuhamisha rekodi za wakulima kutoka vitabuni hadi kwenye seva mpya, kompyuta kuu ya ushirika. Aliyempigania ni mimi. Wazazi wetu walipokufa niliacha shule nikaosha mikebe ya maziwa ya watu ili yeye asome, na nilimwambia mwenyekiti waziwazi kwamba akishindwa, atufukuze wote wawili. Mwenyekiti alikubali upesi mno. Alikuwa na mpwa wake kule Karatina aliyeitaka kazi hiyo.

Kwanza kompyuta ya pale ninapopimia maziwa ilikataa kuiona seva. Wakulima walikuwa wamejaa uwanjani wakipigwa na baridi ya huku Kieni, na dereva alikuwa anapiga honi kama mtu aliyetumwa.

"Ulisema alfajiri itakuwa tayari," mwenyekiti alimwambia ndugu yangu.

"Seva iko sawa, mzee. Niliiweka ijijibu yenyewe tu, si kompyuta nyingine. Sasa naifungulia mlango ijibu na hii ya nje."

"Ati mlango! Maziwa inaharibika na wewe unatafuta mlango."

Alibadilisha mistari kadhaa ya mipangilio, akaiwasha seva upya, ikaonekana. Nikaandika jina langu na neno la siri. Nikakataliwa. Nikaandika tena polepole. Nikakataliwa tena. Ndugu yangu akaja, akanipa neno la siri jipya, akaniambia nijaribu.

Ilifunguka, lakini haikuwa ile sehemu ya kuandika kilo. Ilikuwa kila kitu: malipo ya kila mkulima, akaunti za ushirika, hata kitufe cha kutuma pesa. Wakati uleule mhasibu alipiga kelele kutoka ofisini, "Nani amenifungia nje?"

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitazama kioo cha kompyuta, akamtazama ndugu yangu.

"Kumbe. Dada anapima maziwa, kaka anamfungulia sanduku la pesa. Mlifikiri sisi ni ng'ombe?"

Ndugu yangu akitukanwa hunyamaza. Ndivyo alivyo tangu utotoni, na siku hiyo kimya chake kilifanana na hatia. Dereva aliacha honi akaja kuona mwizi.

"Mwache aangalie kwanza kabla hujamwita mwizi, mzee," nilisema.

"Ataangalia na polisi."

Alikuwa tayari ametoa simu mfukoni mhasibu alipotoka ofisini. Nilijua sasa tumekwisha. Tangu baba yake alipolima shamba letu hadi mlangoni kwa marehemu wazazi wangu, sijanywa hata maji kwao. Aliinama, akasoma jina lililokuwa juu ya kioo, akacheka, na si kwa wema.

"Jina ya nyanya," alisema.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Mimi ni wa kwanza kwetu, yeye ni wa kwanza kwao, na baba zetu walizaliwa na mama mmoja. Majina yetu ya ubatizo ni tofauti, lakini vitabu vya ushirika huandika hilo la nyanya tu, na ndugu yangu alinakili vilevile.

"Mimi ndio nilimharakisha jana," mhasibu alimwambia mwenyekiti. "Nilimsimamia hapo nikimwambia amalize niende zangu. Mashine ikamwambia hiyo jina iko, akadhani yangu ashaiandika, akaiongezea ruhusa zangu na paswadi yangu. Leo amebadilisha paswadi ya huyu, yangu ikakufa. Na hawa, mzee, hawana akili ya kuiba. Wangekuwa nayo ningejua, ni damu yangu."

Mwenyekiti alimtazama kama mtu aliyeuzwa na mtu wake, akarudisha simu mfukoni.

Ndugu yangu aliifuta akaunti ile, akatengeneza mbili kwa namba zetu za kazi: yangu ya kuandika kilo tu, ya mhasibu ya malipo. Akaniambia nijaribu kuingia kwenye malipo. Nikakataliwa, na nikafurahi kukataliwa. Maziwa yakapokelewa.

"Siku ingine usilete ukoo wenu kwa mali ya watu," mwenyekiti alimwambia ndugu yangu. Hakuomba msamaha. Kazi tulibaki nayo.

Nilikuwa naosha mikebe mhasibu aliponifuata.

"Usidhani nakupenda."

"Sijadhani."

"Baba amelazwa Nyeri. Anamwita mama yake. Nikiingia anasema, si wewe, yule mwingine." Alitazama kando. "Nimekutoa mdomoni mwa huyu mzee. Uende umsalimie."

Baba mdogo alikuwa akituita mimi na binti yake mama, kwa sababu ya jina hilo, mpaka siku alipoingiza jembe shambani kwetu. Nilirudi kwenye mikebe yangu. Tangu siku hiyo nimefika Nyeri mara kadhaa kununua vitu mtaa wa Majengo, na kila mara hupita njia isiyokaribia hospitali. Ndugu yangu yuko kazini. Baba mdogo bado yuko kitandani, na deni la binti yake bado liko juu yangu.