Bibi wa Kwenye Maoni

Nilipohamia Kigoma kuandikia gazeti la mtandaoni, mhariri wangu wa Dar es Salaam alinitaka nijibu pia maoni ya wasomaji chini ya kila habari. Nilikuwa nimepanga chumba Gungu, sina ndugu wala rafiki mjini. Maoni mengi yalikuwa matusi: nimehongwa, sijui kuandika, nirudi kwetu. Niliyajibu kwa adabu, na hakuna aliyeendeleza mazungumzo.

Siku moja niliandika habari za wanawake wanaoanika dagaa Kibirizi. Msomaji mmoja akaanza kwa salamu ya Kiha: "Mwakeye! Nimezaliwa Ujiji, uzee umenikuta ughaibuni. Ziwa limeamkaje leo?"

Sikuwa nimeliona. Nikapanda bodaboda hadi ufukweni, nikamjibu, "Mwakeye, mzee. Limetulia, milima ya Kongo inaonekana."

"Mzee gani? Mimi bibi," akaandika. "Asante, mjukuu wangu. Umekula?"

Tangu nihamie, hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Ikawa kila asubuhi naenda kulitazama ziwa, kisha namwandikia.

Baadaye mhariri alipiga simu. "Matusi yamezidi. Tumefunga maoni yote."

"Kuna bibi mmoja alikuwa ananiandikia," nikasema.

"Bibi gani? Jina lake?"

Sikulijua. Alitumia jina la utani tu.

Kesho yake nilikwenda Kibirizi kama kawaida. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yakipanda hadi kwenye mitumbwi. Nilisimama pale na simu mkononi, sina wa kumwambia.