Mzee Waya Anauliza Jirani Anakaa Wapi

Kwa miaka ishirini na tisa Mzee Waya alipanda nguzo za simu. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mifukoni mwake hakukosekana vipande vya waya, na mkewe aliwahi kutulalamikia kwamba vimeshaua mashine mbili za kufulia. Kampuni ilipong'oa nguzo, wenzake walichukua kiinua mgongo wakaenda zao. Yeye akaomba kujifunza mitandao. Wakubwa wakampa miezi mitatu chini yangu: akishindwa, atapelekwa stoo kupanga maboksi mpaka astaafu.

Mimi nina umri wa binti yake wa mwisho, na uvumilivu sina. Nilimpokea shingo upande. Kila neno langu aliliandika kwenye daftari la shule, kwa herufi kubwa, huku akinisimamisha kila dakika. "Taratibu, bosi binti. Hapo umeruka." Kuna siku nilikuwa nakwenda msalani kupumua tu.

Siku ya mwisho ya majaribio, fomu yake ya tathmini ilikuwa mezani kwangu. Asubuhi hiyo tulikuwa tunaunganisha chuo kimoja kwenye tawi letu, ili wanafunzi wafikie maktaba iliyo kwenye mtandao wa kampuni jirani. Ruta yetu ya mpakani, yaani mtambo wa kuelekeza mawasiliano unaozungumza na jirani, ilishapokea njia ya kufika maktaba na kuipitisha kwa ruta ya tawi. Nikafungua orodha ya njia kwenye ruta ya tawi, njia ile pale. Chuoni, maktaba haifunguki. Nikaizima ruta, nikaiwasha. Nikabadilisha kebo. Saa nzima jasho likanitoka, na mkuu wa chuo hakuacha kupiga simu.

"Njia ipo, Mzee. Naiona kwa macho yangu."

Mzee Waya akavaa miwani, akasogeza kiti. "Inasema tupitie kwa nani?"

Nikamsomea anwani ya kituo kinachofuata. Ilikuwa ya ruta ya jirani.

"Na huyo jirani anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya ruta yetu ya mpakani."

"Wewe unajua, na mimi najua. Hii ya tawi inajua?"

Nikavuta kibodi karibu.

"Mimi nimetumwa sana," akaendelea. "Naambiwa nenda kwa fulani, atakupeleka. Sasa kama huyo fulani mwenyewe sijui pa kumpata, si nitarudi zangu nyumbani?"

Nikaiuliza ruta ya tawi inafikaje kwenye anwani ile. Haikuwa na njia hata moja. Ndiyo maana njia ya maktaba ilikaa kwenye orodha bila alama ya kutumika, na mimi saa nzima nimeikodolea macho bila kuitafuta hiyo alama. Ruta ya mpakani ilikuwa imepitisha habari za jirani kama zilivyo, anwani ya jirani ikiwa ndani yake. Aibu ilinishika mpaka masikioni.

"Basi ya mpakani iseme: nileteeni mimi, nitafikisha," akasema.

Amri hiyo ipo kweli, na niliwahi kumfundisha. Nikampisha kwenye kibodi. Akaandika kwa vidole viwili, polepole, na safari hii sikumharakisha. Tukasubiri kidogo, alama ikatokea pembeni ya njia. Mkuu wa chuo akapiga tena, kutuambia maktaba imefunguka, na tafadhali tuache kuzimazima vitu.

Mchana nilijaza fomu. Penye swali kama mfanyakazi bado anahitaji kusimamiwa, niliandika: "Hapana. Leo yeye ndiye aliyenisimamia mimi." Nikampa asaini. Aliisoma mara mbili, akavua miwani. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia, nikajifanya natafuta kalamu.

"Hii andika upya, bosi binti," akasema huku akifuta miwani. "Wakiisoma hivi, watakupeleka wewe stoo."