Mkono Usiofika Sikioni

Maalim wa chuo cha Qur'ani hapa kwetu Kuze hana habari na cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiletwa kuandikishwa, humwambia apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa ashike sikio la kushoto. Ukifika, ameingia. Usipofika, arudi kwa mamake akale.

Binti yangu alitamani chuo kuliko peremende, kwa sababu binamu yake, mtoto wa dada yangu, aliye mdogo kwake, alikuwa tayari anashika sikio. Siku ya kupimwa nikamvisha hijabu mpya, na chini yake nikamfunga nywele fundo kubwa utosini. Mkono ukaupanda mlima ule ukaishia njiani. Binamu akaingia. Wangu akalia njia nzima hadi nyumbani, nami nimembeba kiunoni.

"Wamzidisha kitwa, kisha wataka mkono ufike," mamangu akanambia, akilifungua fundo. Tukajaribu tena. Ulibaki upana wa ukucha.

Basi ikawa kazi. Akawa ananing'inia kwenye komeo la mlango apate kurefuka, na anakula hata mchicha. Paka wa chini ya ngazi akazaa, watoto wake wakakua wakaanza kuwinda panya, wangu bado anajivuta vidole. Niliona ni uonevu. Ndipo nikasoma kwamba wanadamu ndivyo tulivyo tangu kale: ubongo hula kwanza, mwili hungoja zamu yake, na utoto wetu hurefuka ili tupate muda wa kufunzwa. Nikamsomea mamangu. Hakushangaa.

"Kitwa hutangulia, mikono ikaja nyuma. Kwani wewe ulikuwaje?"

Baada ya Idd, asubuhi moja binti yangu akinywa chai, akashika sikio kama mtu anayejikuna. Tukatazamana. Mahamri yakabaki mezani.

"Haya, vua viatu," maalim akamwambia. Akaingia bila kunitazama. Nilisimama kichochoroni nimefurahi kweli, na machozi yananitoka vilevile.

Mchana akatoka na binamu yake, juzuu kwapani, anatembea mbele yangu kama mtu mzima. Binamu alipoingia kwao, wangu akatazama nyuma kuona kama kuna mtu. Kisha akainua mikono yote miwili, ile iliyokwisha kukipita kichwa.

"Mama, nibebe."

Nikambeba. Amekuwa mzito, na miguu yake inanigonga magotini.