Komeo la Chumba cha Tano

Mama Pacha alikuwa na chumba kimoja cha akiba, na kijiji kizima kilikikodolea macho. Serikali ilikuwa imesema vyumba vitano vya wageni vikipita ukaguzi, italeta bomba la maji, maana mtalii hawezi kupelekwa mahali maji yanapofuatwa mtoni. Vinne vilishapita. Cha tano ndicho hicho chake. Wiki nzima alipiga chokaa, pacha mmoja mgongoni, mwingine akijipaka puani.

Afisa utalii alifika asubuhi, kijana mwembamba mwenye makaratasi mengi kuliko nyama. Aliingia chumbani kupima dirisha, Mama Pacha akaenda jikoni, nyuma ya nyumba, kuwasha kuni na kuchemsha chai. Aliporudi na vikombe, uani hapakuwa na mtu.

Ameondoka bila hata kuaga? Basi tumefeli.

"Mama, umemwona mgeni?" alimuuliza mama mkwe wake, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na ndoo ya pili kutoka mtoni.

"Mgeni gani? Nilipoleta ndoo ya kwanza nilikuta mlango wazi, nikaukomea mbuzi wasiingie."

Katika nyumba ile makomeo yote yalikuwa nje, kwa ajili ya mbuzi. Mama Pacha aliweka chai chini, akakimbia kufungua. Afisa alikuwa kitandani, usingizi mzito, fomu kifuani.

"Nimegonga mpaka nikachoka," alisema akijifuta macho. "Nikaona nikae kidogo."

"Basi kitanda hakina kosa, baba," alisema mama mkwe.

"Kitanda hakina, bibi. Komeo ndilo lina kosa. Mgeni anajifungia mwenyewe kwa ndani, hafungiwi. Nitarudi mwakani."

Mwakani! Mama Pacha aliitazama ile ndoo, akayafikiria mabega ya mama mkwe wake.

"Kaka, kunywa chai kwanza. Ukimaliza kikombe kabla sijalihamisha komeo, nenda zako na mwakani wako."

Akamwekea afisa pacha mmoja mapajani, ili asinywe haraka. Akachukua kisu cha jikoni, akaanza kulegeza skrubu, mama mkwe ameushikilia mlango kwa mgongo. Chai ilikuwa ya moto, na pacha alikuwa na mikono mirefu. Kikombe kilipofika nusu, komeo lilikuwa ndani.

"Jaribu, baba," alisema mama mkwe.

Afisa aliutazama mlango. "Tangulia wewe, bibi."

Bibi akaingia. Komeo likalia *ka!* Afisa akaweka fomu juu ya goti lake, akaigonga muhuri. Wakangoja. Kitanda kikalia kidogo.

"Mama, toka basi, tumepita."

"Nimesikia," sauti ikajibu toka ndani, taratibu. "Bomba likifika, niamsheni."