Kikombe cha Mkaratusi

Nilipokuwa mtoto kule Dandora, susu, mama yake mama, alitukataza kuchuma jani la mkaratusi wa ploti yetu kabla ya kuunywesha maji. Imani hiyo alikuja nayo kutoka Ukambani: mti ukinyimwa hukataa kutibu. Majirani walimcheka pembeni, lakini mafua yakiwabana walikuja na vikombe vyao.

Mti wenyewe haukuwa na shida na mtu. Kiangazi kilichokausha hata sukuma wiki ya kwenye magunia kiliuacha ukizidi kurefuka nyuma ya vyoo. Majani makavu tulichoma kufukuza mbu, matawi yakawa kuni, na mwenye ploti alishaukodolea macho kwa ajili ya nguzo za ujenzi.

Mwaka mmoja mfereji ulikauka wiki nzima. Mdogo wangu Mwende, wa miaka mitano, akabanwa na kifua hadi pumzi zikawa zinapiga filimbi. Susu akanipa maji kwenye kikombe cha bati.

"Umwage yote shinani, ndio uchume. Usifanye mchezo na hii kitu, mwanangu."

Nilikuwa na miaka tisa na kiu ya tangu asubuhi. Nilipofika nyuma ya vyoo niliyanywa yote, nikachuma majani, nikarudi mbio.

Susu aliyachemsha, akamfunika Mwende blanketi juu ya sufuria. Badala ya kufunguka, kifua kikaziba. Midomo ikabadilika rangi. Jirani yetu Mama Kevo alimbeba hadi kliniki, nasi tukikimbia nyuma yake. Mimi nilijua nimemuua.

Hakufa. Muuguzi alimpa dawa ya kuvuta, akasema ni pumu, na kwamba huenda mvuke ule ndio uliomzidishia. Mama alielewa. Susu hakuelewa, au hakutaka.

"Nilitoa maji kidogo," alisema. "Makosa ni yangu."

Tuliporudi alichukua jagi la mwisho, maji ya kupikia, akayamwaga yote shinani. Akakivua kitambaa cha kichwani, akauomba mti msamaha kwa Kikamba. Nilikuwa hatua mbili nyuma yake na sikufungua mdomo. Niliona aibu ambayo bado ninayo.

Mti ulishakatwa, na susu tulimzika miaka mingi baadaye. Mwende siku hizi ni msusi mtaani Umoja, na pampu yake ya pumu haitoki mkobani. Juzi nilimsimulia kwa mara ya kwanza. Alicheka hadi akakohoa.

"Wewe nawe! Miaka yote hiyo unabeba hiyo stori? Ni asthma tu. Basi nimekusamehe."

Hakunielewa. Ningeyamwaga au nisingeyamwaga, kifua kingeziba vilevile, hilo nalijua. Yeye sikumkosea. Nilimkosea susu, ambaye tangu siku hiyo, kila Mwende alipokohoa, aliinamisha kichwa na kujilaumu. Maneno matatu yangemtua mzigo huo: niliyanywa mimi, susu.