Maji ya Arobaini

Mjukuu wangu alipofika miezi minane ya mimba yake ya kwanza, mama mkwe wake alikuja kwangu Micheweni na mfuko wa sukari na neno moja. Sukari aliiweka juu ya meza. Neno alikaa nalo mpaka nilipomaliza kummiminia chai.

"Mkwe," akanambia, "kwa mguu huo utamkanda vipi mzazi?"

Mguu wangu wa kulia ulikuwa bado na kovu jekundu. Nilianguka na sufuria la maji ya moto baina ya jiko na choo, hatua chache tu, nyonga ikagoma katikati. Habari zilimfika kwao Ole, na mpaka leo sijui nani alizipeleka.

Kwetu mtoto wa kike mimba ya kwanza hurudi kwao kujifungua, akakaa mpaka arobaini. Asubuhi na jioni hukandwa kwa kitambaa na maji ya moto yenye majani. Tumbo, kiuno na mapaja, mpaka damu iliyobaki itoke na viungo virudi pahala pake. Kazi hiyo ni ya mama yake. Huyu mama yake, binti yangu, alikufa akamwacha na miaka minne, na miye ndiye niliyemlea. Basi arobaini yake ni yangu. Nikishindwa, atachukuliwa kwa wakwe, na miye nitakaa barazani pangu kila apitaye aniulize mjukuu wangu yuko wapi.

"Maji yatakuwepo," nikamjibu.

"Yatakwenda chooni kwa miguu yao?"

"Yatakwenda."

"Haya. Nitakuja siku ya saba kumtazama mtoto. Nikikuta hayapo, au nikikuta umeanguka tena, namchukua mke wa mwanangu. Usinione mbaya."

Nilimjibu vile kwa hasira tu. Sikuwa na maji wala mpango. Alipoondoka nilimpigia simu mwanangu wa kiume aliyeko Chake nikamweleza. Akacheka, akasema mama, siku hizi watu wanafunga hita, unafungua bomba maji yanatoka ya moto. Nikamwambia acha kucheka, nakuja kesho tukalitazame.

Dukani Chake matangi ya hita yalikuwa yamepangwa ukutani kama mapipa meupe, makubwa na madogo. Mwenye duka, mzee mmoja wa Kiarabu, aliniuliza nataka la lita ngapi. Nikamuuliza linachemsha au linapasha.

"Linapasha, bi mkubwa. Haya maji ya kuoga, si ya kupikia wali."

"Ukioga weye na akikandwa mzazi, ni maji mamoja?"

Akamtazama mwanangu kama anayeomba msaada. Mwanangu akatazama mlangoni. Basi yule mzee akanionesha kidude cha kuzungusha chini ya tangi, ukikipeleka mwisho maji yanafika moto wa kutoa mvuke. Hapo ndipo tulipoelewana. Tukachukua la lita hamsini, akaniandikia na namba ya fundi, mtu wa Mgogoni, mtu mzima mwenye watoto, ambaye kazi hizo ndizo zinazomlisha.

Fundi alikuja akafanya kazi kutwa nzima. Alitoboa ukuta wa choo, akalitundika tangi juu ya pahala pa kuogea, akavuta bomba kutoka tangi la juu ya paa, akavuta na waya mpya kutoka kwenye swichi kubwa ya ukumbini. Nilimkalia kwenye kigoda nikimtazama kila alichokishika. Nilimuuliza waya ule wa kijani na manjano unakwenda wapi, akanambia unakwenda ardhini, umeme ukipotea njia uende huko usimwendee mtu. Hilo nililielewa.

Alipowasha, baada ya muda kile kimrija kidogo cha chini ya tangi kikaanza kudondoka. Tone, tone, tone.

"Fundi, panavuja."

"Hapavuji, bibi. Maji yakipata moto yanataka nafasi, yanatokea hapo. Hapo ndipo linapopumulia. Usipaguse."

Lakini moyoni nilisema langu. Katika umri wangu fundi akikwambia kudondoka ni kawaida, jua hakukaza. Bati likivuja ni kawaida. Mlango usipofunga ni kawaida. Walipaji ndio tunaojifunza kawaida zao.

Na maji kwetu hayachezewi. Micheweni ni nchi ya mawe, ukichimba unapata jiwe, ukipita jiwe unapata maji ya chumvi. Nimekuzwa na ndoo kichwani, nikipangiwa zamu kisimani. Nimefunzwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kuwa hata ukitia udhu mtoni maji usimwage ovyo. Siku ya pili tangu fundi aondoke nilitega kopo chini ya kile kimrija, na kabla ya adhuhuri likajaa. Nililitazama lile kopo nikaona israfu imetundikwa ukutani mwangu. Nikachukua kijiti cha mpera, nikakichonga, nikakizungushia kitambaa, nikakipigilia pale panapodondoka. Ndivyo tulivyoziba mapipa yetu miaka yote. Pakakauka. Nikaona nimemshinda fundi.

Mjukuu wangu alijifungua hospitali, mtoto wa kiume, salama, ameshonwa nyuzi mbili. Nikampokea nyumbani. Nilichemsha majani ya mwarobaini na mpera kwenye birika, nikayachanganya na maji ya bomba ndani ya ndoo palepale chooni, hakuna kubeba sufuria. Alikaa kwenye kibao chini ya tangi, nami nikamkanda. Alilia kama wanavyolia wote, akanambia bibi una mikono ya kusonga ugali. Nikamwambia nyamaza, mama yako alilia zaidi yako. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nyonga haikunisumbua. Nikawa nahesabu siku za kuja mkwe kama mtu anayemngoja mdeni wake.

Alifika siku ya saba asubuhi, kabla hatujaingia kuogesha. Akambeba mtoto, akamsomea, akamtazama mjukuu wangu uso na miguu kama imevimba. Hakuona la kusema. Akauliza maji yako wapi. Nikamwambia kaa hapo na mtoto, utayasikia.

Nilikuwa nimeliwasha tangi tangu alfajiri, kidude nimekipeleka mwisho kabisa, ili ayaone yakitoa mvuke. Tukaingia chooni, mjukuu wangu akakaa kwenye kibao, kanga moja kifuani. Nimeinama naloweka kitambaa kwenye maji ya majani, bomba bado sijalifungua, akasema:

"Bibi, linalia."

"Linapata moto. Liache."

"Jana halikulia hivi."

Nikasikiliza. Lilikuwa likiguna, mguno wa chini, kama mnyama aliyefungwa kamba fupi. Kisha likatoa mlio mwengine, tak, wa chuma, na vumbi la saruji likaanguka kutoka ukutani mpaka begani kwake. Nikainua macho. Pale bomba linapoingia tangini maji yalikuwa yakitema uzi mwembamba wa mvuke. Na kile kijiti changu kimesimama pale chini, kikavu, kimekaza.

Nilielewa palepale. Hakuna aliyenifundisha, lakini nimepika maisha yangu yote, najua sufuria lililofunikwa likakosa pa kutolea pumzi linafanya nini.

"Toka," nikamwambia.

"Bibi, sijavaa."

"Toka hivyo hivyo. Usisimame upande wa ukuta. Toka."

Nyuzi zilikuwa bado mbichi, hawezi kuruka. Alijiinua kwa mkono mmoja kwenye ndoo na mwengine kwenye bega langu, na miye nyonga ikaniuma pale pale, tukawa wawili hatuwezi kwenda, juu yetu tangi linaguna. Tulitoka tumekumbatiana kama walevi. Nikamsukumia chumbani, nikakimbia, kama kule ni kukimbia, mpaka ukumbini, nikaizima swichi kubwa. Nyumba nzima ikanyamaza, isipokuwa lile.

Mkwe alikuwa amesimama na mtoto kifuani. "Kuna nini?"

"Peleka mtoto nje. Na mama yake mpe buibui lako, mtoke wote mkakae uani, mbali na choo."

Alikwenda bila kuuliza tena, hilo namsifia. Nikampigia fundi simu. Akaniuliza haraka haraka: umezima? Nimezima. Bomba la moto mmelifungua? Hatujalifungua. Usiingie tena, akasema. Kisha akauliza, "Bibi, kile kimrija cha chini, kinadondoka?"

Mkwe alikuwa mlangoni mwa ua, macho kwangu.

"Njoo," nikamwambia fundi, nikakata simu.

Tulikaa uani chini ya kivuli cha bati tukilisikiliza. Mguno ulipungua polepole. Mtoto alinyonya, akalala. Kila tak iliyotoka kule ndani mjukuu wangu alishtuka mabega. Fundi alifika na pikipiki baada ya muda mrefu. Aliingia peke yake, akagusa kwanza kwa mgongo wa kiganja, akangoja sana, akafungua bomba kidogo kidogo, tukasikia mvuke unavyotoka kwa kishindo hadi uani. Kisha kimya. Alipotoka alikuwa ameshika kijiti cha mpera chenye kitambaa, kimefumbatwa ndani ya ngumi yake, kichwa tu kinaonekana.

Mkwe akamvaa. "Fundi gani weye? Ulitaka kumuua mke wa mwanangu? Nitakutangaza kuanzia hapa mpaka Ole, hutagusa nyumba ya mtu."

Fundi alinitazama. Alijua. Alikuwa na kijiti mkononi, na kitambaa chake kilikuwa kipande cha kanga ile ile niliyojifunga kichwani. Angeweza kufumbua ngumi tu. Hakuifumbua. Akainama akaanza kukusanya spana zake.

Mtu anaweza kunyamaza na ikaitwa heshima. Nilikuwa na pumzi moja ya kunyamaza, arobaini ibaki yangu, na yule mtu wa Mgogoni arudi kwa watoto wake na jina bovu.

"Mwache," nikasema. "Kijiti kilichoziba pumzi yake nimekitia miye."

Mkwe akageuka. "Lini?"

"Tangu hajazaa."

"Na siku zote hizi anakaa chini yake."

"Siku zote hizi."

Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Akakaa kwenye ukingo wa baraza, akakunja miguu.

"Kesho anakuja Ole," akasema.

Alinipa sharti, nikalivunja kwa mkono wangu. Ila mjukuu wangu, ambaye tangu kukua ni mtu wa kusema chini chini, akasema kwa kinywa kizima: "Na huko nani atanikanda?"

Kwetu mama wa mume hamkandi mke wa mwanawe. Ni aibu ya pande mbili, hamvui nguo wala hamtazami.

"Nitamtafuta mkandaji," mkwe akasema.

"Mama, samahani. Mtu nisiyemjua sitamvulia."

Fundi alikuwa ameshafunga begi lake, hajui aage au angoje.

"Basi na huyu aje," mkwe akasema mwisho, ananionesha kwa kidevu. "Aje akande. Maji nachemsha miye, kwa kuni zangu, na nabeba miye mpaka mlangoni. Yeye kazi yake mikono tu."

Kwenda kukaa kwa wakwe, kula chakula chao siku zote zile, kwa mwanamke wa umri wangu si jambo dogo. Nilikwenda. Nilifunga nguo zangu kwenye shuka, fundi nikampa mkono, nikamwambia kazi yako ilikuwa nzuri. Akasema, "Najua, bibi," akapanda pikipiki yake.

Ole nilikandia kwenye chumba cha uani. Kila asubuhi mkwe aliiweka ndoo kizingitini, akageuza uso upande wa mikarafuu, akagonga.

"Yametosha?"

Nikitia mkono nikaona yana moto wa kutosha, nasema yametosha. Nikiona bado, nasema bado, naye anairudisha jikoni bila kugombana. Siku ya ishirini na kitu nilimwambia yamezidi, atanichubulia mjukuu wangu. Akaongeza ya baridi, akagonga tena. Ndivyo tulivyokwenda mpaka arobaini.