Kikopo Kilichosuuzwa

Usiku ule Mama Sabuni hakupata hata lepe la usingizi. Asubuhi maabara ingetoa majibu ya kikopo cha pili cha makohozi ya kitinda mimba wake, na kwa majibu hayo mlango wa chumba alimotengwa kijana, mwisho kabisa wa wodi ya vifua, ungefunguliwa au ungebaki umefungwa.

Jina hilo alipewa na majirani. Huosha ndoo kabla ya kuoshea vyombo, na hufuta viti wageni wakiwa bado mlangoni wanaaga. Mumewe husema akiachiwa nafasi ataosha hata sabuni.

Ndiyo maana kijana alipozidiwa na kikohozi, akapewa kikopo aweke makohozi ya alfajiri, mama alikitupia jicho mara moja tu akaona kina vumbi. Akakisuuza kwa maji ya tangi, akakikung'uta, akamrudishia.

Hadubini ikaonyesha bakteria walioshika rangi kama wa kifua kikuu. Kijana akatengwa siku hiyohiyo. Maabara wakawaotesha wale bakteria ili wajue ni wa ukoo gani hasa, na wenyewe hawana haraka; wiki zikapita. Kikohozi kikaanza kupoa, mlango ukabaki vilevile. Hatimaye bwana maabara, mtu wa miwani iliyofungwa uzi, akamwita mama.

"Mama, tuliyemwotesha si kifua kikuu. Ni binamu yake. Huyu makazi yake mabomba na matangi. Sasa niambie, kile kikopo mlikiosha?"

"Nilikisuuza tu, mwanangu. Mtu atatemaje kwenye vumbi?"

"Kilikuwa safi kuliko sufuria zako."

"Sufuria zangu hujaziona."

Bwana maabara akajikuna kisogo. "Kumbe muda wote huu nimehangaika na wakazi wa tangi lako. Lakini daktari hafungui mlango kwa kubahatisha. Huenda binamu yumo kifuani kweli. Huenda na kifua kikuu kimejificha nyuma yake. Tunaanza upya na kikopo kingine, na safari hii usikiguse."

Hakukigusa. Nesi alipopita nacho, yeye aliikumbatia mikono yake mwenyewe kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Wiki nyingine zikapita, mpaka ule usiku wa kukesha. Sasa kulikuwa kumekucha. Alikaa kwenye benchi mkabala na kile chumba, benchi ambalo alikuwa ameshalifuta, mpaka bwana maabara akatokea na karatasi.

"Safari hii hakikuota kitu, mama. Si binamu, si mwenye ukoo."

Mama Sabuni alitaka kushukuru, wazo likamrudisha nyumbani. Alichoweza kuuliza ni, "Na tangi?"

"Hilo sasa ndilo la kuosha."

Nesi akatia ufunguo. Sauti ya kijana ikatoka ndani. "Mama, kitasa umekifuta?"

"Tangu nilipofika," akajibu, na mlango ukafunguka.